Ndege ya Saizi Yetu Haijatengenezwa Bado

(Hotuba hii niliitoa Kigoma mjini, Jumamosi alasiri, mbele ya wafanyabiashara wa mazao ya ziwa, wanafunzi wa sekondari na wazee wetu. Wengi wameniomba niiweke yote kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa Kibirizi, wa Katonga na wa Ujiji, shikamooni. Ndugu zangu wa rika langu, habari za mchana. Na ninyi wanangu mliokaa mkekani huku mbele, hamjambo?

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimefanya ufundi wa ndege kwa miaka 31, na karibu miaka yote hiyo nimeimaliza chini ya mabawa ya ndege za pangaboi, zile zenye mapanga yanayozunguka kwenye injini. Leo nimekuja na neno moja tu. Ndege inayotufaa sisi watu wa Kigoma haijatengenezwa. Sisemi kwamba Tanzania haijainunua. Nasema haipo. Nenda kiwandani na fedha yako mkononi, sema nataka ndege mpya ya pangaboi yenye viti 100, inayobeba watu na mizigo yao bila kuacha kitu uwanjani. Utaambiwa hatuna. Nenda kiwanda cha pili. Hatuna. Cha tatu. Hatuna.

Kwa nini haipo? Na sisi tuliokaa hapa tuna sehemu gani katika kutokuwepo kwake?

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu hapa hapa uwanjani kwetu. Ndege imefika kutoka Dar es Salaam, tumeikagua, imejaa mafuta, abiria wamepanga mstari. Kampuni sitaitaja, wala haikuwa kosa la mtu. Kulikuwa na mama mmoja ameleta maboksi 6 ya dagaa. Dagaa safi, wakavu, wasio na mchanga, amewafunga kwa kamba ya manila na kuandika namba ya simu ya mteja kwa kalamu nene. Yule kijana wa mizani akapima, akarudi na karatasi yake, akasema: Mama, yanaondoka mawili, manne yabaki hadi kesho kutwa. Ndege imejaa uzito.

Yule mama hakugombana. Alikaa juu ya boksi lake mojawapo, akaangalia watu wanavyopanda ngazi, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama karibu na tairi, akaniuliza, "Mwanangu, hii ndege si ina nguvu ya kuruka? Sasa dagaa wangu wamekosa nini?"

Sikumjibu. Injini zilikuwa zinawashwa, nikajifanya sijasikia. Swali lile nimetembea nalo mpaka leo. Dagaa wangu wamekosa nini?

Mwenye kalamu aitoe, tupige hesabu. Mtu mmoja na begi lake, kwa makadirio ya kawaida ya usafiri wa anga, tuseme kilo 97. Ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8 Q400, ile ambayo sote tunaiita Bombardier, ina viti 76. Watu 76 mara kilo 97 ni kilo 7,372. Uwezo wa ndege ile kubeba watu na mizigo ni tani 8 na nusu hivi. Ikijaa watu, imebaki tani moja na kidogo kwa ajili ya mkoa mzima. Tani moja! ATR 72, ndugu yake wa Ulaya, uwezo wake ni tani 7 na nusu hivi. Hiyo ikijaa watu, imejaa. Na siku rubani anapolazimika kubeba mafuta ya ziada kwa sababu ya mawingu huko mbele, hata hiyo tani moja inaliwa na mafuta.

Kwa hiyo mama, popote ulipo, dagaa wako hawakukosa kitu. Viti na mizigo vinagombania kapu moja, na kapu ni dogo.

Vijana wataniuliza: basi si tulete jeti kubwa tu, mambo yaishe? Nimelisikia hilo hata kwenye daladala. Ngoja tulitazame.

Hapa kwetu kila mtu amewahi kushika kafi. Ukiwa na kafi nyembamba, utapiga maji kwa nguvu na kwa haraka, jasho litakutoka, mtumbwi utaenda. Ukiwa na kafi pana, utasukuma maji mengi taratibu, na mtumbwi utaenda vilevile, ila wewe hutachoka. Jeti husukuma hewa kiasi kwa kasi kubwa sana. Pangaboi husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo. Ndani zote zina moto uleule na feni za chuma zilezile. Tofauti ni kwamba kwenye pangaboi nguvu ya ule moto inapita kwenye gia, inapunguzwa mizunguko, inageuzwa kuwa kafi pana. Ndiyo maana hunywa mafuta kidogo. ATR wenyewe hutangaza kwamba ndege yao huunguza mafuta pungufu kwa hadi asilimia 45 ukilinganisha na jeti ya ukubwa huohuo. Hayo ni maneno ya muuzaji. Lakini mimi niliyejaza matangi ya zote mbili nawaambia, hata ukiyapunguza maneno ya muuzaji, tofauti inabaki kubwa.

Na kasi je? Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,080 hivi. Jeti kwa mwendo wake wa kawaida ingeimaliza kwa dakika 80 hivi, Q400 kwa dakika 100, ATR kwa saa mbili na dakika chache. Hizo ni hesabu za mwendo wa juu tu, bila kupanda na kushuka. Dakika 20 kati ya jeti na Q400! Reli yetu ya kati ina kilomita zaidi ya 1,250, na humu ndani wapo watu waliolala njiani siku mbili, wakala karanga za Tabora na asali ya Tabora mpaka wakazichoka. Mtu wa namna hiyo atalilia dakika 20? Atalia nauli. Atalia boksi lake lililobaki.

Kisha kuna uwanja. Kigoma iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, Tabora inakaribia mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Pangaboi linashika hewa tangu ndege inapoanza kutembea, kwa hiyo linaridhika na njia fupi kuliko jeti. Ndiyo kazi yake hiyo.

Wazee wangu mnaikumbuka Fokker Friendship? Nawaona mnatikisa vichwa. Ile ya East African Airways, na baada ya 1977 ikawa ya shirika letu wenyewe. Mabawa yako juu, madirisha makubwa ya duara, na injini zake zinapiga yowe ambalo ulilisikia kabla hujaiona ndege. Mimi nilikuwa mtoto, nakimbia Ujiji na kelele ile mpaka inapotea nyuma ya miembe. Pangaboi lake lilikuwa na mapanga 4. ATR za mwanzo, mapanga 4. ATR za sasa, mapanga 6. Q400, mapanga 6. Ile ndege kubwa ya jeshi ya Ulaya iitwayo A400M, mapanga 8.

Kwa nini yanaongezeka? Injini ikiwa na nguvu zaidi, pangaboi lazima lishike hewa zaidi. Ukilirefusha, ncha zake zitazunguka kwa kasi inayokaribia kasi ya sauti, na hapo kelele inakuwa ya kutisha na nguvu inapotea bure. Basi badala ya kulirefusha unaongeza mapanga, unayapinda kama jambia, unapunguza mizunguko. Wanangu, siku mkienda uwanjani hesabuni mapanga. Historia yote ya kazi hii mtaisoma pale puani mwa injini.

Sasa nawaambia jambo ambalo wengi hamlijui. Ndege kubwa za pangaboi zilishakuwepo. Zamani! Waingereza walikuwa na Vickers Vanguard, iliyoweza kuchukua watu 139. Warusi walikuwa na Ilyushin 18 ya watu zaidi ya 100, na Tupolev 114 ambayo ingeweza kupakia zaidi ya 200. Na Wamarekani walikuwa na Lockheed Electra, iliyoruka mara ya kwanza 1957, injini 4, abiria karibu 100. Hiyo Electra nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu inanigusa kama fundi.

Ilikuwa ndege yenye nguvu, marubani waliipenda. Mwezi Septemba 1959, moja ikakatika bawa angani juu ya Texas, watu 34 wakafa. Mwezi Machi 1960, nyingine ikakatika bawa juu ya Indiana, watu 63 wakafa. Hakukuwa na bomu. Nini kimekata bawa?

Mmewahi kuona pia ya mtoto, ile ya kuchezea inayozunguka, inapoanza kuchoka? Haianguki mara moja. Kichwa chake kinaanza kuyumba, kinachora duara, duara linakua. Pangaboi ni pia. Vishikizo vya injini ya Electra vilikuwa vinaweza kulegea, na vikilegea, pangaboi linaanza kuyumba kichwa kama pia iliyochoka. Kule kuyumba kukashuka mpaka kwenye mapigo yaleyale ambayo bawa lenyewe hutikisika nayo. Vikakutana. Bawa likapiga, likapiga, likakatika. Kampuni ikagundua, ikarudisha ndege zote kiwandani kwa gharama yake, ikaimarisha vishikizo na mabawa. Baada ya hapo Electra ziliruka miaka mingi sana, na kutokana nayo ikazaliwa ndege ya doria ya baharini, P-3 Orion, ambayo majeshi kadhaa wameitumia mpaka zama zetu. Ufundi ulishinda. Lakini jeti zilikuwa zimeshafika, mafuta yalikuwa bei ya maji, na abiria walikwishaingiwa na hofu. Electra 170 zikatengenezwa, basi. Biashara ya pangaboi kubwa la abiria ikafa hivyo.

Nimewaeleza haya ili asije mtu akawaambia haiwezekani. Iliwezekana zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwa watu waliokuwa wakichora kwa penseli.

Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, dunia ikaanza kulitazama tena pangaboi, ila kwa ndege ndogo. Wafaransa na Waitaliano wakaungana 1981 wakaunda ATR. Wakanada wakarusha Dash 8 mwaka 1983. Wakaanza na viti 40 hivi, wakavuta tumbo, wakafika 70 na kitu. Q400 waliikaza viti mpaka 90 kwa wateja wengine, abiria magoti kidevuni, kisha mwaka 2021 kiwanda kikasimamisha kuzitengeneza. Kwa hiyo leo, kwa ndege mpya ya saizi hiyo, dunia nzima karibu ina mlango mmoja wa kugonga, nao ni ATR, na mwisho wa ATR ni viti 78. Juu ya hapo kuna shimo. Unaruka shimo unaangukia jeti, na bei zake.

Je, hawajajaribu kulifukia hilo shimo? Wamejaribu sana. ATR wenyewe walitaka kutengeneza ya viti 90. Kampuni ile ina wenyewe wawili, nusu kwa nusu. Muitaliano akasema tuijenge, Airbus, mwenye nusu ya pili, akasema bado. Nyumba yenye wazee wawili, mmoja akikataa kutoa fungu, harusi haifungwi. Wabrazili wa Embraer wakaja na mchoro mzuri kweli, injini zimewekwa nyuma kwenye mkia ili ndani kuwe kimya, viti 70 mpaka 90. Mwisho wa 2022 wakausimamisha, kwa sababu watengenezaji wa injini hawakuwa na kitu kinachowatosha. Wachina wana MA700 yao, na Kanada ikazuia injini zake zisiende.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha Indonesia. Sikilizeni wanangu, maana hiki ni chenu. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000. Bila ndege au meli, ndugu hawaonani. Kulikuwa na mhandisi wao, Habibie, aliyesomea Ujerumani, akarudi kwao na wazo kwamba nchi ya visiwa itengeneze ndege yake yenyewe. Tarehe 10 Agosti 1995, pale Bandung, ndege yao N250 ikapaa. Pangaboi mbili, viti 50, na usukani wake unaongozwa kwa umeme, kitu ambacho ndege za pangaboi za saizi ile hazikuwa nacho. Ilikuwa yao, wameichora wao, wameijenga wao. Siku ile wameifanya sikukuu ya teknolojia ya taifa mpaka leo.

Miaka miwili baadaye fedha yao ikaporomoka. Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na mkopo na masharti, na moja ya masharti, mwezi Januari 1998, lilikuwa kwamba serikali isitie tena fedha kwenye ndege. Kazi ikasimama, wahandisi wakatawanyika kutafuta kazi nchi za watu. Habibie akawa rais wa nchi mwaka huohuo, na hata akiwa rais hakuweza kuifufua. Uzeeni akaanza upya, akachora R80, pangaboi la viti 80 mpaka 90. Saizi yetu! Akafariki 2019 haijajengwa. Mwaka 2020 serikali yao ikaitoa kwenye miradi ya kipaumbele, na ile N250 ya kwanza ikapelekwa makumbusho ya jeshi la anga, Yogyakarta. Mimi nikiangalia picha za ndege ile ikivutwa barabarani kwenda makumbusho, mabawa yametolewa, nasimama kuzitazama kama mtu anayeaga maiti.

Kwa nini wote hawa wamekwama? Kuanzisha ndege mpya ni mabilioni ya dola, na injini mpya ni mabilioni mengine. Anayejenga injini anasubiri anayejenga ndege. Anayejenga ndege anasubiri mashirika yaagize. Shirika linasubiri abiria. Na soko kubwa kuliko yote, Marekani, halivuti upande wetu. Kule mashirika makubwa yamekubaliana na marubani wao kwamba kampuni ndogo zinazowasaidia njia fupi zisirushe ndege ya zaidi ya viti 76. Tazama ile namba. Sabini na sita! Makubaliano ya marubani wa Marekani yanasaidia kuamua boksi gani la dagaa libaki Kigoma. Hakuna aliyekaa akatunuia mabaya. Ila walipokuwa wakipima, sisi hatukuwepo kwenye kipimo.

Na hapo ndipo nawakumbusha meli yetu.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wakaiunganisha, kisha wakaifungua tena vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku 5,000 hivi, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma. Hapa ikaunganishwa upya, ikaingia majini Februari 1915. Najua ililetwa kwa ajili ya utawala wa kikoloni na ikafanywa meli ya vita. Sitaisifia nia yao. Nasifia kipimo chao. Yule fundi wa Papenburg, kabla ya kukata bamba la kwanza, alijua behewa la reli yetu linabeba nini. Meli nzima ilipimwa kwa njia itakayopita. Na walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali kabla ya kuizamisha. Waingereza waliipandisha 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Fundi aliyepaka grisi injini inayokwenda chini ya ziwa, huyo alikuwa anamfikiria mtu atakayekuja baadaye.

Nani amepima njia yetu kwa ajili ya ndege? Nani anajua, kwa kilo, Kigoma inataka kubeba nini?

Kuna kijana alininong'oneza kabla sijasimama. Akasema, baba, ndege ikiwa kubwa, si wataipunguzia safari? Leo tunapata ndege kila siku, kesho tutapata kubwa mara tatu kwa wiki. Swali zito hilo, na sitaki kulirukia. Ni kweli, hiyo hatari ipo. Mgonjwa anayekwenda Muhimbili anajali zaidi ndege ya kesho asubuhi kuliko ndege kubwa ya Alhamisi. Ndege kubwa ikiruka nusu tupu ni hasara, na hasara hulipwa kwa nauli. Kwa hiyo siombi ndege kubwa ya kujivunia. Naomba viti 90 au 100 pale ambapo viti 76 vinajaa na watu na mizigo vinabaki. Pale ambapo havijai, ndogo ibaki, ije kila siku.

Lakini pangeni na hesabu ya upande wa pili. Ndege ya viti 50 ina marubani 2. Ya viti 100 ina marubani 2. Kanuni za nchi nyingi zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50, maana yake ukishavuka 50 lazima uwe na wahudumu 2, na hao hao wawili wanakutosha mpaka 100. Kwa hiyo ndege ya viti 76 inalipa mishahara ya ndege ya viti 100, na viti 24 havipo. Gharama ya kutua haiongezeki kwa kasi ya viti. Kiti kimoja kinashuka bei. Hapo ndipo nauli ya mama wa Katonga inapoanza kuonekana.

Na hatari nyingine ni ubovu, hii nimeishuhudia kwa macho na mikono yangu. Usiku mmoja ndege tuliyokuwa tunaihudumia ililala hapa kwa sababu ya mpira mmoja wa kuzuia mafuta yasivuje. Mpira mwembamba, ungeweza kuuvaa kama pete. Tulikuwa nao wa aina zote isipokuwa ule. Ulikuja na ndege ya siku iliyofuata. Kulikuwa na abiria wanakwenda kuzika Morogoro, baba na wanawe wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki na nguo zao za msiba. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Yule baba alinishika mkono siku ile nikimaliza kufunga mpira, akasema asante fundi. Asante! Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ndege ya watu 100 ikilala, inalala na misiba 100, na biashara 100. Kwa hiyo ukitaka ndege kubwa, uwe na stoo ya vipuri hapa, uwe na mafundi wanaokaa hapa, wenye leseni, watoto wa hapa. Wanangu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam kinafundisha ufundi wa ndege. Fizikia na hisabati, hizo ndizo tiketi. Mwenye alama hizo aje tuzungumze baadaye, niko hapa mpaka magharibi.

ATR wanazungumzia ndege mpya, waliitangaza 2022 kwa jina EVO, yenye injini zitakazosaidiwa na umeme wa betri. Wakati huo walisema 2030, sasa inasogezwa mbele. Saizi yake bado ni ya kikapu kilekile. Maana yake nini? Maana yake penseli bado iko mezani. Kuna watu wenye makoti meupe sasa hivi, Toulouse kule Ufaransa na kwingineko, wanabishana kuhusu urefu wa tumbo la ndege ambayo wajukuu wenu wataipanda. Na wanabishana kwa namba. Huwezi kupeleka kule machozi ya mama wa dagaa. Utapeleka kilo.

Je, tunazo hizo kilo? Nimeuliza. Nimeuliza waliobaki na maboksi, nimeuliza vijana wa mizani, nimeuliza wanaokata tiketi. Kila mtu ananiambia "mengi." Mengi ni ngapi? Abiria waliokosa kiti Desemba ni wangapi? Wengi. Migebuka iliyooza ikisubiri ndege? Mingi. Ndoo za mawese zilizorudishwa mjini kwa bodaboda? Nyingi. Ndege haichorwi kwa "nyingi." Kilichosafiri kimeandikwa, kipo kwenye karatasi za kampuni. Kilichobaki hakiandikwi popote. Na wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hicho kilichobaki ndicho ushahidi wetu. Kila boksi lililobaki linasema ndege ni ndogo. Kila mtu aliyerudi nyumbani na begi lake anasema ndege ni ndogo. Lakini tunayaacha yaseme hewani.

Kwa hiyo nimenunua madaftari 10 makubwa, yale ya kurasa 200 yenye jalada gumu. Nimeyachora mistari mwenyewe, jana usiku. Safu ya tarehe, safu ya bidhaa, safu ya kilo zilizopelekwa mizani, safu ya kilo zilizoondoka, safu ya kilo zilizobaki. Nyuma kuna kurasa za abiria: siku aliyotaka kusafiri, siku aliyopata. Majina hatuandiki, hatuyahitaji. Moja litakaa Kibirizi, moja Katonga, moja Ujiji, moja sokoni Mwanga, moja kwa vijana wa uwanjani waliokubali kutusaidia, na ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo watachukua mawili. Ndugu wa Tabora ameomba mawili kwa ajili ya asali, atayachukua kwa treni ya kesho. La 10 nitakaa nalo mimi, kila mwisho wa mwezi nitakusanya hesabu za yote humo, na kila baada ya miezi 6 nitazipeleka kwa mashirika yanayoruka huku na kwa mamlaka zetu, na nakala nitaiandikia ATR kwa Kiingereza changu cha karakana.

Mama wa kitenge cha kijani, safu ya pili, wewe uliniambia asubuhi kwamba Jumatano umebakiza maboksi. Njoo hapa mbele, kalamu hii. Anza wewe. Tarehe ya Jumatano, dagaa, kilo ngapi ulipeleka?